Yusufu Nyuma ya Punda

Kisugu, Kampala
9 Oktoba 1988

Loice mdogo wangu,

Umeamkaje huko Kimilili? Mimi nipo, goti la kushoto tu ndilo limekataa kupiga magoti, naketi kanisani kama mwenye kiburi. Vera mzima. Nasikia mvua imewanyeshea mpaka mahindi yanaota yakiwa bado shambani. Poleni. Sisi hapa tunashukuru, risasi hatuzisikii tena huu mwaka wa tatu. Jirani amezibaziba matundu kwenye ukuta wake kwa udongo, ila panya bado wanapita.

Utaona mwandiko umelala huku na huku. Naandika mwenyewe, kwa mkono huu wa darasa la tatu, maana anayeniandikia siku zote ni Vera, na barua hii Vera hatakiwi kuiona.

Ana mimba ya miezi miwili. Usishtuke, mwanamume anajulikana. Ni Wanjala, seremala, mtu wa kwetu wa Chwele, hanywi sana. Padre amekubali kuwafungisha ndoa kabla ya Kwaresima. Lakini anataka cheti cha ubatizo cha Vera kutoka misheni alikobatizwa, na alibatizwa huko kwenu. Nilimwambia padre kwamba karatasi zetu ziliungua wakati wa vita. Akasema kitabu cha misheni hakikuungua, waandikie.

Sasa sikiliza. Katekista wa huko ni mtoto wa shangazi yetu. Mwambie anaponakili cheti aandike hivi: Baba, Wafubwa. Mama, Nakhisa. Basi. Nani alimlea? Nani alikesha naye kwa surua, nani alimshika mkono wakati askari wa Amin wanakimbia na watu wanakimbia nyuma yao? Vera anajua mimi ni mama yake na wewe ni mama yake mdogo. Mama mdogo utabaki. Ni cheo kizuri.

Bahasha uiandike jina langu, uipake gundi kila pembe.

Dada yako,
Nakhisa

*

Kimilili
20 Novemba 1988

Kwa Dada Nakhisa,

Salamu nyingi kutoka kwa watoto wote na wajukuu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mahindi tuliyookoa tumeyaanika juu ya bati. Goti lako lichue kwa mafuta ya mnyonyo, usilinyamazie.

Nimefurahi kusikia habari ya Vera. Nilitoka nje nikakaa peke yangu kidogo, kisha nikarudi kupika.

Nilikwenda misheni. Kitabu kipo. Katekista alikifungua mbele yangu, akaweka kidole penye mstari. Vera, Baba: Makokha, Mama: Loice. Wino umefifia lakini unasomeka. Unajua Makokha wangu hajawahi kuandikwa mahali pengine popote? Hakuwa na kipande cha ardhi chenye jina lake wala picha. Alikufa akiwa ameandikwa mara moja tu, na ni hapo, kando ya mtoto huyo.

Dada, sikumwomba katekista abadilishe.

Si kwa kukushindania. Tangu ulipokuja nyumbani ukaniona ninaye wa nne na wewe huna, ukasema, "Nipe nikae naye mpaka mavuno," sijawahi kubishana nawe. Nimevuna mara ishirini.

Ninaomba mambo mawili. Mwambie Vera kabla hajazaa, kwa sababu mwenye kuzaa anapaswa kujua ametoka wapi. Na uniruhusu nije siku zake zikikaribia. Nitalala hata jikoni.

Mdogo wako,
Loice

*

Kisugu
27 Desemba 1988

Loice,

Salamu zako nimezipata. Zangu utazikuta mwisho wa barua kama zitakuwa zimebaki.

Nikuambie Krismasi yangu ilivyokuwa, uone ulichonifanyia. Unajua mimi ndiye ninayefua vitambaa vya altare, na ndiye ninayepanga pango la Noeli: majani makavu, punda, ng'ombe, wachungaji, wale wawili na mtoto. Miaka kumi na miwili napanga, hata mwaka ule wa mizinga nilipanga. Na miaka yote Yusufu nimemweka nyuma ya punda na fimbo yake, kwa sababu ndivyo nilivyomkuta.

Basi padre akahubiri. Tumbo la Maria, tumbo lililombeba, tumbo lililobarikiwa. Tumbo, tumbo, tumbo! Wanawake wanaitikia, wengine wanafuta machozi. Nimekaa pale na tumbo langu lisilowahi kubeba kitu isipokuwa ugali, barua yako iko ndani ya gauni langu la gomesi inanichoma kama kaa la moto. Nikamtazama Yusufu. Amesimama kama mlinzi wa duka. Mtu alitembea na punda mpaka nje ya nchi kumwokoa mtoto asiuawe, akamtafutia chakula ugenini, akamfundisha randa na msumeno. Na siku ya sherehe anaangalia matako ya punda!

Misa ilipokwisha nikaenda nikamtoa. Nikamweka karibu na hori kabisa, uso kwa uso na mtoto. Nafasi haikutosha, nikamsogeza yule mwingine. Santina, mwenyekiti wa akina mama, akanikuta.

"Mama Vera! Umemweka Bikira nyuma ya punda!"

"Amezaa juzi. Apumzike."

"Na huyu mzee anamfanyia nini mtoto?"

"Anamlea. Hujawahi kuona mtu anayelea?"

"Lakini mama yake ndiye—"

"Santina, usinianze leo."

Akaita watu. Pango likapangwa upya mbele yangu, na mwakani wamesema nitafua vitambaa tu.

Nikaenda Kibuli kwa Kulusum kutoa hasira. Unamkumbuka, yule Mnubi mkunga, rafiki yangu. Akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Nakhisa, sisi kwetu Mariamu alizaa peke yake, ameshika shina la mtende. Huyo Yusufu wenu hatumtaji." Nikamwambia, ala! Basi kwenu mimi sina hata nafasi ya nyuma ya punda! Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Lakini njiani nikapata neno, na neno hilo nakutumia. Mungu mwenyewe hakuwa na tumbo. Mwenye mbingu na nchi, tumbo hana! Ikambidi aazime la binti wa watu. Je, mtoto aliitwa wa nani? Aliitwa Mwana wa Mungu. Hakuitwa kwa jina la aliyeazimwa. Basi na mimi niliazima tumbo lako, ahsante, na mtoto ni wangu. Kama ni dhambi, nimeiga kwa mkubwa.

Unao watano. Mimi nina mmoja. Na huyo mmoja, Loice, anacheka kwa kuziba mdomo na mkono kama wewe. Sijamfundisha mimi. Miaka ishirini nimekaa naye meza moja, na kila akicheka ananionyesha wewe. Hilo halikutoshi? Unataka na cheti?

Usije. Jikoni kwangu ni padogo.

Salamu hazikubaki.

Nakhisa

*

Kimilili
15 Januari 1989

Kwa Dada Nakhisa,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Hapa ndama anakua, na mvulana wangu wa mwisho amepata kazi ya kufundisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale kwa Santina nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo, nikakumbuka ulivyoandika, nikauondoa mkono.

Neno lako la kuazima nimelifikiria nikiwa shambani. Ni kweli, Mungu aliazima. Lakini Dada, kwanza alituma kuuliza. Mwenye nguvu zote angeweza kuchukua tu, nani angemkataza? Akatuma malaika kwa msichana maskini, malaika akasema neno lake, kisha akangoja jibu. Yule msichana akakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Na mtoto alipozaliwa, Mungu hakuja kumnyang'anya. Alimwacha anyonye kwake na amwite mama, na mpaka siku ya msalaba mama alikuwepo. Huyo uliyemwiga hakufanya kama wewe.

Wewe ulituma nani kwangu?

Habari ya safari yangu ya mwaka wa sabini na nne siiandiki. Unaijua, na Kulusum anaijua. Nilikunywa chai yako nikarudi.

Cheti hiki hapa. Nimekitoa kama kilivyo kitabuni. Kimefungwa ndani ya blanketi nililomfumia mjukuu. Anakileta Okinyi, dereva wa lori la vitunguu, na nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe. Kwa Vera sitaandika. Mdomo wa kufungua ni wako. Ukitaka kukichoma, kichome, mimi sitakuja kutafuta majivu.

Mdogo wako,
Loice

*

Kisugu
12 Februari 1989

Loice,

Mko wazima? Sisi wazima sana. Ndoa ilifungwa tarehe nne, Jumamosi, kanisa lilijaa. Vera alipendeza. Mama yake Wanjala alikuja na kuku wanane na sauti kubwa, lakini nilimweza.

Cheti hakikufika. Nadhani kilipotea mpakani, siku hizi wanapekua. Padre alisema mzazi anaweza kuapa mbele yake kwamba mtoto alibatizwa. Nikaapa. Kwa hiyo usijisumbue tena.

Tumbo la Vera limekaa chini chini, nafikiri ni mvulana. Nimekwisha kushona nepi kumi na mbili.

Nakhisa

*

Kimilili
19 Machi 1989

Kwa Dada Nakhisa,

Salamu. Nashukuru Mungu kwa ndoa.

Okinyi amepita hapa. Anasema chai yako ilikuwa na tangawizi nyingi, na kwamba ulilinusa blanketi kabla ya kulifungua.

Mdogo wako,
Loice

*

Kisugu
4 Juni 1989

Loice mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Nasalimu watoto, nasalimu na ndama. Barua yako ya mwezi wa tatu sikuijibu kwa sababu haikuwa na mahali pa kujibu. Uliandika mistari mitatu ukanivua nguo.

Vera amejifungua tarehe ishirini Mei. Mvulana. Kulusum alimpokea, kazi ya asubuhi moja, saa nne tayari. Vera mzima. Hilo nimelitanguliza ili usome mengine kwa utulivu.

Siku ya tatu mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa, hicho nakijua. Ziwa analikataa. Tukampeleka kwa daktari, hana homa, hana chochote, akaturudisha. Siku ya nne vivyo hivyo, mpaka Vera naye akawa analia. Mama yake Wanjala akasema, "Huyu anadai jina. Atajiwe." Unajua kwetu: mtoto akilia hivyo anatajiwa waliotangulia, mmoja mmoja, na anayemnyamazia ndiye aliyerudi.

Tukakaa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mama yake Wanjala akampakata, akaanza na watu wao. Kundu! Masinde! Wepukhulu! Mtoto analia tu. Akawamaliza, hata wale wezi. Kisha akanipa mtoto, akasema, "Sasa upande wenu, Mama Vera."

Nikataja marehemu mume wangu. Wafubwa! Loice, sikuficha, nilikuwa nimemngoja. Nilijua atanyamaza. Wafubwa alimfundisha Vera kuendesha baiskeli, Wafubwa alimnunulia kiatu cha kwanza, kwa nini asirudi kwake? Nikataja tena. Nikataja mara ya tatu karibu na sikio. Akalia mpaka ulimi ukatetemeka. Nikataja baba yetu. Nikataja babu. Hapana.

"Hakuna mwingine?" mama yake Wanjala akauliza.

"Hakuna."

Kulusum alikuwa amekaa karibu na mlango na tasbihi yake. Hakunyanyua macho. "Nakhisa," akasema, "yupo mwingine."

Nilimchukia saa ile. Nikamtazama Vera. Jasho linamtoka, ziwa limejaa linamuuma, anatutazama sisi wazee kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Nikaona nikishika mdomo wangu nitakuwa nimemshika na mtoto wake. Nimekwisha kushika mtoto wa mtu mara moja.

Nikasema, "Makokha."

Akanyamaza.

Sijui, Loice. Labda alikuwa amechoka. Padre atasema amechoka. Lakini alinyamaza hapo, kwenye jina hilo, akashusha pumzi kubwa, akageuza kichwa kutafuta ziwa. Mama yake Wanjala akapiga vigelegele. Vera akampokea, akanyonya kama mtu aliyetoka safari.

Kisha Vera akauliza, kwa upole tu, "Mama, Makokha si marehemu mume wa mama mdogo? Ananitafuta mimi kwa nini?"

Cheti kilikuwa chini ya vitambaa vya altare, ndani ya sanduku. Nikaenda nikakileta. Akakisoma huku mtoto yuko kifuani. Ni karatasi ndogo, lakini aliisoma muda mrefu.

Vera hakuuliza kwa nini. Aliuliza neno moja. "Alikuja kunichukua?"

Ningeweza kusema mpaka ulifungwa. Ningeweza kusema vita. Hayo yote nimeyasema miaka mingi na yamezoea kinywa changu.

Nikasema, "Alikuja. Mwaka wa sabini na nne, baada ya kumzika Makokha. Ulikuwa na miaka saba. Nilimwambia umekwenda Jinja na watoto wa shule. Ulikuwa Kibuli kwa Kulusum, nilikuficha huko siku nne. Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Akanywa chai. Akauliza kama unakohoa usiku, nikasema hapana. Akaondoka."

Kulusum akasema, "Nami nilikubali kukuficha. Mungu anisamehe." Akaondoka kwenda kusali.

Siku mbili Vera hakuniita kitu. Nikiingia anasema "chukua" au "weka hapo". Mimi niliyemlea, mimi wa kuambiwa "weka hapo"! Nikaweka. Nilijifungia nikawaza: sasa atakwenda kwako, atamfundisha mtoto kuziba mdomo acheke kama ninyi, nami nitasimama nyuma. Nilikuonea wivu, Loice. Na bado. Sitakuandikia kwamba umekwisha, kwa sababu ningekuwa naapa uongo tena. Nilikuonea wivu siku ulipozaa wa kwanza, nikakuonea wivu ulipokunywa ile chai bila kunitukana. Kama ungenitukana ningekurudishia mtoto, nadhani. Au nasema tu.

Siku ya tatu akaita kutoka chumbani, "Mama, maji ya mtoto yamepoa." Nikayachemsha upya. Nililia juu ya sufuria mpaka sikujua ni mvuke au ni mimi.

Nimekwenda kwa padre kutubu kile kiapo. Tangu Februari nilikuwa sipokei komunyo, nasingizia goti. Hakunipa rozari nyingi. Alisema, nenda kwa mwenyewe. Vera naye amesema, "Mwandikie aje. Na wewe ndiye utakayemwomba, si mimi."

Basi ndiyo hii barua. Umeniuliza nilituma nani kwako. Sikutuma mtu. Nilikuja mwenyewe na mkono wangu mrefu, nikasema mpaka mavuno, nikijua moyoni mwangu kwamba sitarudi. Hilo nilikuwa sijamwambia hata Wafubwa.

Sasa natuma. Malaika sina, ninaye Okinyi na lori lake la vitunguu. Anakuja kwako na barua hii mkononi, na kiti cha mbele ni chako ukikitaka. Kitanda nimekitandika sebuleni, jikoni hulali. Mtoto anaoga asubuhi na jioni. Asubuhi ni mimi. Jioni tutazungumza.

Lakini kabla hujapanda, nakuuliza jambo ambalo ningekuuliza mwaka ule wa sitini na nane, nikiwa nimesimama mlangoni kwako na mtoto tayari yuko mgongoni kwangu. Loice, unanipa Vera nimlee?

Nimemwambia Okinyi asiwashe lori kabla hujamjibu.

Dada yako,
Nakhisa